Kikundi cha mtaa kianze na nyumba, umeme au vijana wa mazingira?

#1 Mwanakikundi wa Mtoni

Habari zenu, wanajukwaa.

Kikundi chetu cha akiba kina wanachama 46, wengi wao wakiwa wapangaji wa vyumba huku Temeke, Dar es Salaam. Kwa miaka sita tumekuwa tukibeba mambo matatu kwa pamoja: tunaweka fedha za kununua ardhi, tunasaidiana kupunguza gharama za nishati majumbani, na vijana wetu wanazibua mifereji na kupanda miti kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwaka huu mfuko hautoshi kuyaendesha yote, na mkutano mkuu umegawanyika.

Msimamo wangu ni kwamba tuanze na umeme. Nyumba inadai mamilioni na miaka mingi, ilhali akiba ya umeme inaonekana mwezi huohuo na inaweza kuingia moja kwa moja kwenye mfuko wa ardhi. Mtumiaji mdogo wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, yaani 122 baada ya kodi na tozo. Aliye nje ya kundi hilo hulipa 292, ambayo baada ya kodi na tozo hufika takribani 356. Kwa shilingi 10,000 mmoja anapata uniti karibu 82 na mwingine anapata 28. Nyumba yenye vyumba sita vinavyochangia Luku moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, ni vigumu sana ibaki chini ya uniti 75 hata wakaaji wakijinyima. Pendekezo langu ni kwamba kikundi kifunge mita ndogo kila chumba ili kila mpangaji arudi kwenye bei ya chini. Naomba mnikosoe.

#2 Bi Hisabati

Hesabu ya bei iko sawa, lakini hitimisho lina kosa ambalo litawagharimu fedha. Mita ndogo ya ndani hugawa matumizi baina ya wapangaji tu. Umeme wote bado unapita kwenye mita moja inayotambuliwa na TANESCO, na mita hiyo ndiyo inayopangiwa kundi la bei. Mtamaliza ugomvi wa nani ameacha pasi ikiwaka, jambo ambalo si dogo, lakini uniti itabaki kwenye bei ileile. Ili kila chumba kihesabiwe peke yake inahitajika mita kamili ya Luku kwa kila chumba, na maombi hayo yanamhitaji mwenye nyumba.

Kuna jambo jingine. Tangu 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia Luku: ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Mkiongeza mita, hakikisheni kwamba jengo moja halikatwi mara mbili.

#3 Mwanakikundi wa Mtoni

Ahsante, Bi Hisabati. Nimekosea kuhusu mita ndogo na ninakubali. Hoja ya kuanza na umeme, hata hivyo, bado naishikilia.

#4 Ardhi Kwanza

Mimi naikataa hoja yenyewe. Nilikuwa mpangaji Kurasini wakati wa upanuzi wa eneo la bandari, mwishoni mwa muongo wa 2000. Wenye nyumba walifidiwa. Sisi tuliopanga vyumba, wengine kwa zaidi ya miaka kumi, hatukupata hata nauli ya kubeba godoro. Chumba changu nilikuwa nimekipaka rangi na kukiwekea dari na nyaya mpya kwa fedha zangu, na vyote vilikwenda na tingatinga. Tangu siku hiyo siamini katika kumtengenezea mtu mwingine nyumba yake.

Waliopata jibu wakati ule ni wale waliokuwa tayari kwenye vikundi vya akiba vya shirikisho la maskini wa mijini lililoanzishwa 2004 na kusaidiwa na CCI, shirika lisilo la kiserikali. Walinunua ekari 30 Chamazi, wakaunda ushirika wa nyumba, wakafyatua matofali wenyewe na kujenga kwa awamu. Hawakuanza na balbu, walianza na ardhi.

#5 Kijana wa Mifereji

Kumbe Chamazi kuna la kujivunia zaidi ya uwanja wa Azam! Mzee Ardhi Kwanza, shikamoo. Nimekulia Mbagala na hii ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba kuna nyumba zilizojengwa na wapangaji wenyewe. Ni nani aliyewaruhusu kujenga viwanja vidogo vile?

#6 Ardhi Kwanza

Marahaba, kijana. Swali la viwanja nawaachia wanaojua sheria. Ninachokumbuka ni akina mama waliokuwa wakishindilia matofali kwa mashine ya mkono kuanzia alfajiri, kisha saa nne wanakimbilia genge.

#7 Fundi Bati

Tofali linalotajwa na bandiko la juu linastahili maelezo, maana hapo ndipo nyumba na nishati vinapokutana. Tofali la kufungamana hutengenezwa kwa udongo wenye mchanga na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha humwagiliwa maji likikaa kivulini. Halichomwi, kwa hiyo hakuna kuni wala tanuri. Kwa kuwa matofali yanashikana yenyewe, saruji ya kujengea inapungua sana, na ukuta unaweza kuachwa bila lipu mpaka mwenye nyumba apate fedha. Kwa mtu anayejenga kwa awamu hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini ukuta si kitu kama juu kuna bati tupu. Chumba cha bati lisilo na dari hupokea joto lote la mchana na kulirudisha kwa aliyelala chini yake mpaka usiku wa manane. Feni ya wati 55 ikizunguka kwa saa 10 kila siku inakula uniti 16 na nusu kwa mwezi, na kwa kaya inayopigania kubaki ndani ya uniti 75 hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano. Linganisheni na taa: balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka kwa saa tano kila siku inakula uniti 9 kwa mwezi, ya LED ya wati 9 inakula uniti moja na theluthi hivi. Balbu hubadilishwa kwa dakika moja. Joto lina kazi zaidi: dari, matundu ya hewa chini ya paa pande mbili zinazoelekeana, upenu mrefu, na mti upande wa magharibi. Hapo ndipo vijana wa mazingira wana kazi ya maana kuliko kupanda miti kando ya barabara ambako inakanyagwa na bodaboda.

#8 Bi Hisabati

Fundi, kila uzi unaurudisha kwenye bati! Ila safari hii nakubali, hesabu yako ya feni imekamilika.

#9 Mama wa Daftari

Nimewasoma wote na nashangaa kwamba hakuna aliyetaja jiko. Mimi ndiye mweka hazina wa kikundi cha wanawake 31, na mwaka jana tuliandika matumizi ya nishati ya kila nyumba kwa miezi mitatu, kila siku jioni. Kwangu mimi umeme ulikuwa kama shilingi 8,000 kwa mwezi, kwa sababu nina taa, simu na redio. Mkaa ulikuwa shilingi 45,000 na zaidi, kwa kuwa sina uwezo wa kununua gunia na ninanunua kwa kopo na kisado. Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi, na hilo halihitaji mtaalamu. Kwa hiyo, Mwanakikundi, unapigania elfu mbili za balbu huku elfu arobaini zinaungua jikoni.

Tulichofanya si kikubwa. Kikundi kilinunua mkaa wa jumla na kuwagawia wanachama kwa bei ya jumla, tukakubaliana kuloweka maharage usiku kucha, na wanachama tisa wakakopeshwa sufuria la presha. Watatu walichukua jiko la presha la umeme, ambalo huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Wawili kati ya hao watatu walilirudisha baada ya wiki mbili. Sababu? Mwenye nyumba alikataza kupika kwa umeme, kwa kuwa Luku ni moja na vyumba vingine vilinung'unika. Tunarudi kulekule alikoanzia mleta uzi, ila kwa mlango mwingine.

#10 Mwanakikundi wa Mtoni

Mama, shikamoo, na ahsante sana. Sisi hatukuwahi kuandika mkaa. Tuliandika umeme peke yake kwa sababu risiti za Luku zipo kwenye simu na mkaa hauna risiti.

#11 Wakili wa Mtaa

Kijana wa Mifereji aliuliza nani aliruhusu viwanja vidogo. Kanuni za mipango miji huweka ukubwa wa chini wa kiwanja cha makazi, nao ni mita za mraba mia kadhaa, kiwango ambacho mtu wa kipato cha chini hawezi kukimudu katika ardhi iliyopimwa. Chamazi walijadiliana na mamlaka ili waruhusiwe kuwa na viwanja vidogo zaidi, na mojawapo ya mambo yaliyofanya hoja yao isikike ni kwamba majitaka hayakuachiwa kila nyumba ichimbe shimo lake. Waliweka mfumo wa pamoja wa kusafisha majitaka unaotumia mabwawa yenye mimea, na walichimba kisima cha maji. Nyumba zikibanana bila mpango wa majitaka, kisima kinachafuka, na hapo hakuna ofisa atakayeweka saini.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na Ardhi Kwanza anaposema walianza na ardhi, kana kwamba mazingira yalikuja baadaye kama pambo. Bila mabwawa yale ekari 30 zingebeba familia chache mno, na gharama ya kila familia ingepanda.

#12 Ardhi Kwanza

Wakili, nakuheshimu, lakini mabwawa huwezi kuyachimba kwenye ardhi ya mtu. Ardhi ilitangulia.

#13 Mkaazi wa Huruma

Salamu kutoka Nairobi. Mimi ni mpangaji wa zamani wa Huruma, na huku kwetu mpangilio ulikuwa tofauti na wa Chamazi kwa jambo moja kubwa: watu hawakuhama. Muungano wa Wanavijiji ulianza 1996 kwa kupinga ubomoaji, na baadaye ukageukia akiba. Kambi Moto, kijiji ambacho jina lake lenyewe linakumbusha mioto iliyokuwa ikiteketeza mabanda, kilianza kujengwa upya 2003 baada ya makubaliano na baraza la jiji, na kila familia ilipata kipande cha ardhi cha takribani mita za mraba 20. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kutanuka, walipanda juu kwa ghorofa, kila familia ikijenga kadiri ya mfuko wake.

Faida ya kubaki palepale haionekani kwenye hesabu za stima. Mama anayeuza mboga anaendelea na wateja wake, mtoto anabaki katika shule yake, na nauli haiongezeki. Nawauliza wa Chamazi: nauli ya kila siku inakula kiasi gani cha akiba yenu?

#14 Ardhi Kwanza

Swali hilo linaniuma, nalo ni la haki. Binti yangu anakaa Chamazi na anafanya kazi mjini. Anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Kuna majirani waliowahi kupangisha nyumba zao na kurudi kupanga chumba karibu na kazi. Sitaficha hilo.

#15 Bi Hisabati

Tuwakumbuke pia waliopelekwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi. Kiwanja kilipatikana, lakini kilikuwa mbali na kibarua, na baadhi yao walirejea bondeni. Kwa maoni yangu, kwa kaya inayotafuta riziki Kariakoo, umbali ni gharama ya nishati kama ilivyo Luku, kwa sababu mafuta ya daladala hulipwa na abiria.

#16 Kijana wa Mifereji

Naomba niseme kuhusu sisi vijana, kwa sababu tangu bandiko la kwanza tumetajwa kama watu wa kufagia. Fundi Bati anatupangia miti, Mwanakikundi anatupangia Jumamosi, na hakuna aliyeuliza tunafahamu nini.

Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakaazi kuchora ramani za kata zinazofurika za Dar es Salaam, mifereji na majengo yakiwemo. Sisi tulijifunza njia hiyo kwa waliotutangulia, tukaifanya katika mtaa wetu kwa simu zetu. Tulitembea nyumba kwa nyumba baada ya mvua za masika na kuuliza maji yalifika wapi ukutani. Tulipata nyumba 63 ambazo maji yaliingia ndani, na 41 kati ya hizo zilikuwa upande wa juu wa karavati moja lililoziba. Karatasi ile moja ilimfanya mwenyekiti wa mtaa aende nayo wilayani, na karavati likafumuliwa na kujengwa upya. Tulikuwa tumezoa taka kwenye mfereji ule kwa miaka mitatu bila mabadiliko yoyote. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli imepungua, lakini nafasi yake imechukuliwa na chupa, na chupa zinaziba karavati vilevile.

Jambo la pili ni chungu kidogo. Kikundi kimoja nilichowahi kujiunga nacho kilitununulia fulana siku ya kupigwa picha na wafadhili, na baada ya siku hiyo hatukuitwa kwenye mkutano hata mmoja. Kijana hawezi kutunza mti ambao hakuambiwa umepandwa kwa ajili ya nani.

#17 Mama wa Daftari

Umesema vyema, mwanangu. Ila mniambie pia, watoto wa wapangaji mtaani kwetu wanahama kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Nani atamwagilia mti ambao mwenyewe amehamishiwa Gongo la Mboto?

#18 Kijana wa Mifereji

Hiyo ndiyo sababu tulichora ramani badala ya kupanda. Ramani haihami.

#19 Msafiri wa Ohio

Amani kwenu. Niko Marekani miaka kumi sasa, nilitokea Kigoma. Huku vyama vya maendeleo vya mitaa visivyo vya faida, kama kile cha Bedford-Stuyvesant kule Brooklyn kilichoanza 1967, hufanya mambo haya matatu chini ya paa moja: kukarabati nyumba, kupunguza bili, na kuwapa vijana kazi. Tangu 1976 kuna pia mpango wa serikali kuu wa kuziba nyufa na kuweka vizuizi vya joto na baridi katika nyumba za kaya maskini, na kazi nyingi za aina hiyo hutekelezwa na mashirika ya mahali hapo.

Hata huku shida ya mita mnayoijadili ipo. Anayelipa ukarabati ni mwenye nyumba, anayefaidika na bili ndogo ni mpangaji, kwa hiyo mwenye nyumba haoni sababu. Au kinyume chake: nyumba ikishaboreshwa, kodi ya pango inapanda. Katika mpango huo mwenye nyumba huwekewa masharti asipandishe kodi kwa sababu ya kazi iliyofanywa. Je, nyinyi mnaweza kuandikishana na wenye nyumba?

#20 Fundi Bati

Nilishuhudia hilo Mbagala. Wapangaji wanne walichanga, nikawawekea dari na matundu ya hewa. Joto lilipungua na feni mbili zikazimwa. Baada ya miezi mitano mwenye nyumba alipandisha kodi ya kila chumba, akisema vyumba vyake sasa vina dari. Akiba yote ya umeme ilimezwa na nyongeza ile, na mpangaji mmoja akahama. Tangu wakati huo sianzi kazi ya wapangaji bila karatasi yenye saini ya mwenye nyumba.

#21 Ardhi Kwanza

Nimesema nini katika bandiko la 4?

#22 Mwanakikundi wa Mtoni

Mzee, umesema, na nimekusikia. Lakini wanachama wetu 46 hawatapata ardhi kesho, na kesho hiyohiyo watapika. Ninachofikiria sasa ni hiki: kwanza tuandike mkaa na umeme kwa miezi mitatu kama alivyofanya Mama wa Daftari, vijana wakiwa ndio waandikaji na wakilipwa posho ndogo, kisha tutafute wenye nyumba watatu watakaokubali mita kamili kwa kila chumba na dari, kwa mkataba wa kutopandisha kodi kwa miaka miwili. Tofauti ya fedha iende kwenye mfuko wa ardhi, na isiguswe.

#23 Bi Hisabati

Miaka miwili ni michache. Pigeni hesabu ya gharama ya dari na mita kwanza, kisha muone itarudi baada ya miezi mingapi, na mkataba uzidi muda huo.

#24 Wakili wa Mtaa

Mkataba uandikwe na kushuhudiwa, na useme pia itakuwaje nyumba ikiuzwa. Wenye nyumba wengi hukubali kwa moyo safi, kisha warithi au mnunuzi hawatambui chochote.

#25 Mkaazi wa Huruma

Na mfuko wa ardhi mtautunza kwa jina la nani? Kwetu mabishano makubwa hayakuwa juu ya kuweka fedha. Yalikuwa juu ya nani ahesabiwe mkaazi halali: mwenye banda au mpangaji wake. Sensa ilifanywa na wanakijiji wenyewe na kusomwa hadharani, na hata hivyo watu walilala wamenuniana.

#26 Mama wa Daftari

Kwa jina la ushirika, bila shaka. Ila nina swali lililonikosesha usingizi tangu mwenzetu mmoja alipofariki mwezi uliopita. Aliweka akiba ya ardhi kwa miaka mitano. Mume wake hakuwa mwanachama, na watoto wake ni wadogo. Kiwanja kitakapopatikana kwa jina la ushirika, watoto wale watapata kiwanja, au watarudishiwa fedha tu?

#27 Wakili wa Mtaa

Pole sana, Mama. Hilo hutegemea masharti ya chama chenu yanasema nini kuhusu mrithi, na kama marehemu alimteua mtu kwa maandishi. Nakuomba uangalie fomu yake ya kujiunga kabla ya mkutano.

#28 Mama wa Daftari

Fomu ninayo hapa. Sehemu ya mrithi ameiacha wazi.